Shibiri Mbili na Vidole Vitatu

Ndugu zangu, nawashukuru kwa malimbuko mliyoleta. Nimeona mahindi, nimeona karanga, nimeona na asali katika vile vilindo vya magome mlivyovipanga hapa mbele ya meza. Tutaviombea mwishoni. Kwanza naomba mnisikilize, kwa sababu Jumatano kijiji chetu kinakutana kuhusu msitu, na nimesikia kwamba baadhi yenu mmekwisha kuamua nani afungiwe msitu. Sitawaambia mnyooshe mkono upande gani. Nina mfano tu.

Kulikuwa na mrina asali mmoja, katika kijiji kilichopakana na msitu wa miombo kama huu wetu. Jina lake siwapi, maana nikiwapa mtatoka hapa mkiulizana ni mjomba wa nani. Kijiji chake kiliutenga msitu huo chenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Wazee waliutembea mpaka wote kwa miguu, wakapaka rangi nyekundu kwenye miti ya pembezoni, wakakubaliana nani aingie, achukue nini na msimu gani. Kuni kavu, ruhusa. Uyoga wakati wa mvua, ruhusa. Dawa, ruhusa. Asali, ruhusa kwa mwenye mizinga. Kuua mti mbichi, marufuku.

Mrina huyu alikuwa wa kizazi cha nne katika kazi hiyo. Baba wa babu yake ndiye aliyetundika mzinga wa kwanza, na tangu siku hiyo nyumba yao haikupoteza kumbukumbu ya hata mzinga mmoja. Ungemuuliza, "Mzee, ule wa bondeni je?" angekujibu bila kufikiri: "Huo ni wa babu. Aliutengeneza mwaka wa nzige, mwaka aliozaliwa shangazi yangu mkubwa. Ulianguka mara moja, baba akaurudisha." Kila mzinga ulichongwa alama ya ukoo wao, mistari mitatu na tundu moja, na kila mzinga ulikuwa katika hesabu. Kwenye harusi, kwenye matanga, hata akikutana na mgeni kisimani, lazima angefika mahali pa kusema, "Sisi tuna mizinga mia mbili na kumi na minne." Shemeji zake walimtania: "Mzee, majina ya wajukuu unayachanganya, lakini mizinga huisahau!" Naye alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sasa sikilizeni desturi moja ya kijiji hicho. Mti wenye mzinga haukatwi. Hata kama mwenye mzinga ni adui yako, hata kama mti wenyewe umesimama katikati ya njia, ukiinua macho ukaona mzinga, unarudisha shoka begani. Desturi hiyo ilikuwa na nguvu kuliko ile rangi nyekundu. Basi wachoma mkaa walipoanza kuingia, mrina aliwaza jambo lililoonekana la busara kabisa: nikitaka msitu upone, nitundike mizinga mingi zaidi. Akaongeza kumi mwaka huo, kumi na miwili mwaka uliofuata. Alitundika kama mtu anayepita jioni akitia komeo milango ya nyumba yake. Watu wakamsifu, wakamchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya msitu, na hawakukosea kumchagua, maana hakuna aliyeupenda msitu ule kumzidi.

Yeye ndiye aliyetaka sheria iwe na meno. Siku ya kuipitisha alisimama akasema iongezwe hivi: atakayeua mti mbichi, msitu umefungwa kwake na kwa nyumba yake, bila kuangalia uso. Asiingie kwa kuni, wala uyoga, wala dawa, wala asali. Katibu akaandika. Mkutano ukanyoosha mikono.

Ilikuwa sheria mbaya? Mimi sioni hivyo. Msitu usio na mlango ni pori la kila mtu, na pori la kila mtu haliachiwi wajukuu.

Lakini asali ilianza kupungua. Mwaka wa kwanza mrina alisema ni ukame. Mwaka wa pili akasema ni siafu. Mwaka wa tatu alipanda juu ya miti arobaini akarudi na asali isiyofika nusu ya ndoo, na baadhi ya mizinga aliikuta ina mijusi. Nyuki walikuwa wamehama. Akarudi nyumbani, akaketi, akamwambia mkewe, "Ni mkaa. Wanatumalizia maua."

Katika kijiji hicho alikuwapo mjane mmoja, mtu wa kuja, aliyeolewa hapo akafiwa hapo. Shamba lake lilikuwa dogo na la changarawe. Yeye aliishi kwa uyoga. Mvua za kwanza zikishuka alikuwa wa kwanza kuingia msituni na kikapu chake na wa mwisho kutoka. Uliozidi aliukausha, akauweka kwa ajili ya kiangazi. Watoto watatu aliwalea kwa uyoga. Kisha uyoga nao ukapungua, mvua hata mvua, mpaka alipokuwa akirudi na kikapu kisichofunika hata kitako chake. Ndipo alipoanza kuchoma mkaa.

Siku moja walinzi wa msitu wa kijiji walifuata moshi, wakamkuta kwenye tanuri lake. Walifukua wakakuta magogo makavu, na katikati yake gogo moja bichi.

Kesho yake watu wakajaa mbele ya ofisi ya kijiji. Mama mmoja alisema kwa sauti ya kutaka asikiwe, "Ndiyo maana siku hizi uji wetu hauna asali. Kumbe imeungulia kwenye tanuri la mtu!" Watu wakacheka. Mjane hakucheka, wala hakuinamisha kichwa.

Mrina akamuuliza, "Mama, mti ule umeukata wewe?"

"Nimeukata mimi, mzee."

"Ulikuwa mbichi?"

"Ulikuwa mbichi."

"Na sheria unaijua?"

"Naijua. Siku mlipoipitisha nilinyoosha mkono, nilikuwa nimekaa nyuma ya mkeo."

Mrina akamgeukia katibu. "Basi soma adhabu. Tusipotezeane siku."

Katibu akasita. Kijiji hicho kilikuwa na utaratibu wake: hukumu haisomwi mpaka kisiki kionekane. Uliwekwa na wazee kwa sababu zamani mtu aliwahi kusingiziwa. Kwa hiyo kamati nzima, na yeyote mwenye miguu na hamu, walifuatana na mjane hadi msituni. Kisiki walikikuta. Utomvu wake ulikuwa bado unanata. Mjane akakiwekea mkono.

"Hiki ni changu," akasema. "Sikikani. Lakini kwa kuwa mmefika, naomba mtembee nami hatua chache. Yale magogo makavu mliyoyafukua, hakuna aliyeniuliza nimeyatoa wapi."

"Mti mkavu si kosa," akasema mrina.

"Najua si kosa, mzee. Nataka muone tu mahali miti hiyo ilipokuwa imesimama."

Wakashuka naye bondeni. Walipofika, jua liliwapiga usoni, kwa sababu pale hapakuwa na kivuli. Miombo ilikuwapo, imesimama, lakini ilikuwa ya kijivu, haina jani, na kila shina lilikuwa halina gome kuanzia magotini hadi juu ya kichwa cha mtu. Hapa na pale, baina ya mikavu hiyo, mti mmoja mzima na mzinga juu yake. Kisha mikavu tena.

"Hapa," akasema mjane, "nilikuwa nachuma vikapu viwili kabla jua halijawa kali. Uyoga wa huku unaishi na mizizi ya miombo. Mti ukifa, mvua inayofuata unachuma kidogo. Mvua ya pili huchumi kitu. Nyinyi mna daftari. Mimi nina kikapu, na kikapu changu kimeniambia kila mti uliokufa bonde hili."

"Imekufa kwa ukame," akasema mrina.

"Ukame huu wa ajabu, mzee. Unavua gome kwa mviringo, juu umekata na chini umekata?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, akaacha katikati.

"Mzinga ule ni wa nani?" mjane akauliza, akionyesha mti mzima uliokuwa karibu.

"Ni wangu. Niliutengeneza mwaka juzi, wiki aliyobatizwa mjukuu wangu."

"Una nyuki?"

Mrina akainua macho kwenye mzinga. "Hauna."

"Basi ushushwe."

Vijana wakaushusha kwa kamba. Ndugu zangu, wengi wenu mnajua mzinga wa gome unavyopatikana, lakini acheni niseme kwa ajili ya wanaokula asali tu. Unachagua mwombo ulionyooka. Unazungusha shoka juu, unazungusha chini, unapasua mstari mmoja wa kushuka, na gome linatoka zima zima kama shati. Unaliunga kwa vijiti, unaziba ncha mbili, umepata mzinga. Mti hauanguki. Unabaki umesimama, na hata majani yake yanaweza kukaa mpaka msimu uishe. Wewe umekwenda zako na mzinga begani. Mti unakufa baadaye, wewe ukiwa haupo.

Kwenye gome la mzinga ule, mbali na tundu la kuingilia nyuki, palikuwa na tundu la pili, mahali palipowahi kuwa na tawi. Mrina alikuwa ameliziba kwa nta, vizuri, kama alivyofundishwa na baba yake.

"Mzee," akasema mjane, "wewe ni mtu wa kumbukumbu na wa vipimo. Hebu pima kutoka ukingo wa juu wa mzinga mpaka kwenye hiyo nta."

Mrina akapima kwa kiganja chake. "Shibiri mbili," akasema, "na vidole vitatu."

"Sasa pima hapa."

Akamsogeza kwenye shina moja la kijivu. Chini ya ukingo wa juu, pale gome lilipokatwa, palikuwa na kibutu cha tawi, kimetokeza kama kifundo cha mguu. Mrina akanyoosha mikono juu, akaweka kidole gumba kwenye ukingo, akatandaza kiganja. Shibiri moja. Shibiri mbili. Kisha kidole, kidole, kidole.

Hakutoa mkono. Aliuacha pale juu ya shina, na watu waliokuwa nyuma wakasogea waone kwa nini hageuki.

Mwisho akasema, lakini si kwa sauti ya mwenyekiti, "Mimi sikuukata. Mti huu umesimama."

Mjane akamjibu kwa upole, "Wangu umelala, wako umesimama. Uyoga hauoni tofauti. Sidhani kama nyuki wanaiona."

Hapo kila mtu akatazama pembeni. Mlinzi mmoja naye, aliyekuwa na mizinga minane, akaanza kukagua kamba za viatu vyake. Katibu alikuwa kijana aliyelelewa kwa heshima, akauliza akiwa ameinamisha kichwa. "Mzee, sheria imeandikwa 'atakayeua mti mbichi.' Niisome au nisiisome?"

"Isome."

"Ya mama?"

"Ya mama, mti mmoja. Kisha usome yangu."

Katibu akafungua daftari, akaandika la mjane. Akageuza ukurasa. Akauliza alivyopaswa kuuliza, maana daftari lilitaka hivyo: "Yako, mzee, niandike miti mingapi?"

Mrina akafungua kinywa. Jibu alikuwa nalo tangu utoto, likiongezeka kwa kila mzinga. Alilisema kwenye harusi, alilisema kwenye matanga, alilisema kisimani kwa wageni ambao hawakumuuliza. Watu wote waliokuwa pale walilijua. Mkewe alilijua. Mjane alilijua.

Halikutoka.

Ndugu zangu, najua mnataka niwaambie kilichofuata. Mnataka kusikia kwamba walisameheana, au kwamba walifungiwa wote wawili. Mfano wangu unaishia hapo, mzee akiwa kinywa wazi na katibu akiwa na kalamu juu ya karatasi, kwa sababu hapo ndipo tuliposimama sisi.

Msinielewe vibaya. Sisemi mjane hakuwa na kosa. Alikuwa nalo, akalibeba mwenyewe, akaliweka mbele ya watu bila kumtafuta mwenzake wa kumsingizia. Wala sisemi mrina alikuwa mnafiki. Angekuwa mwizi, mfano huu ungekuwa wa wezi, nasi tungerudi nyumbani tukala kwa amani. Lakini alikuwa mlinzi. Aliupenda msitu. Kila mti aliouua, aliuua ili kulinda mti mwingine, na alifanya kama alivyoonyeshwa na watu aliowaheshimu. Hilo ndilo linalonitisha mimi.

Basi kosa lilianzia wapi? Naona lilianzia sebuleni, watoto wakiwa wamekaa wanasikiliza. Nyumba ile ilikumbuka mizinga yote, na haikukumbuka mti hata mmoja. Hakuna aliyewahi kumsimulia mtoto, "Leo babu ameua mwombo." Walisimulia, "Leo babu amerudi na mzinga." Na kila neno lilikuwa kweli! Lakini kumbukumbu iliyokatwa nusu ni ushahidi wa uongo, hata kama kila neno lake ni kweli.

Sisi je? Tunasema kwa fahari, mzee alisomesha watoto sita kwa tumbaku. Kilima kilichokwisha miti kwa kuni za mabani ya kukaushia hiyo tumbaku, nani anakitaja? Tunasema, nyumba hii ina boriti za mninga, babu alizichagua mwenyewe. Mninga uliobaki uko wapi, tukamwonyeshe mtoto? Tunasema mto umekauka, tunawatazama wenye mifugo. Wenye mifugo wanatutazama sisi wenye mashamba. Sote wawili tunamtazama mwenye tanuri, kwa sababu yeye moshi wake unaonekana. Na wale ambao kosa lao halitoi moshi?

Kutengeneza mzinga bila kuua mti tunajua. Tunajua kuchonga gogo lililoanguka lenyewe, tunajua kuunga mbao, na wapo hapa ndani wanaoweza kutufundisha wiki hii hii. Hilo si gumu. Ugumu uko kwenye kutaja hesabu. Lakini mtu asiyetaja hesabu yake atatengenezaje? Atapanda wapi, kama hakumbuki alipoua?

Jumatano ataletwa mtu mbele yetu. Ana kosa lake. Tulisikilize, na sheria yetu isimame. Nami nataka tufike pale tukiwa tumekwisha kupima.

Sasa tuombee malimbuko. Wakati mkiimba nilivihesabu vilindo vya asali hapa mbele. Viko saba, na vyote ni vya gome. Naomba kila aliyeleta kilindo asimame, na kabla hatujamshukuru Mungu kwa asali, ataje mahali uliposimama mti uliovuliwa gome hilo. Asitaje kingine. Mahali tu.

Hicho cha mwisho, upande wa kushoto, kimetoka nyumbani kwetu. Alikitengeneza baba yangu. Nimeambiwa mara nyingi mwaka wake, na nani aliyekuwa mgeni siku hiyo, na asali iliyokijaza mara ya kwanza ilikuwa nyeupe. Mti sikuwahi kuambiwa. Alhamisi nilimuuliza mama, akafikiri muda mrefu, kisha akanipeleka kwa miguu, polepole. Ulisimama ng'ambo ya kijito, juu ya jiwe lile tunapoanikia nguo. Sasa pana nyasi.

Nimeanza mimi. Anayefuata asimame.